Mvua za Wastani, Lawama za Nani?

Karibu kila mwaka, kabla vuli haijaanza, redio za Tanzania hutangaza habari ya namna hii: mvua za msimu zinatarajiwa kuwa za wastani hadi chini ya wastani katika maeneo mengi. Sentensi ni fupi, na haina neno ambalo mtu aliyemaliza darasa la saba hajawahi kulisikia. Hata hivyo wasikilizaji huondoka na mambo tofauti kabisa, na mara nyingi si yale aliyokusudia mtabiri.

Kwa mtabiri, wastani ni hesabu. Huchukuliwa kumbukumbu za mvua za miaka 30, siku hizi aghalabu za 1991 hadi 2020, kikatafutwa kiasi cha kati cha kila eneo. Kwa vipimo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), msimu ukileta kati ya asilimia 75 na 125 ya kiasi hicho, mvua zimekuwa za wastani. Zikipungua hapo ni chini ya wastani, zikizidi ni juu ya wastani. Kwa hiyo wastani wa Bukoba si wastani wa Dodoma. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Dodoma haifikishi hata theluthi yake. Mwaka ambao mtu wa Dodoma angeusifu, mtu wa Bukoba angeuita ukame.

Kwa mtu wa kawaida, wastani ni sifa. Mwanafunzi wa wastani hakung'ara wala hakuanguka. Maisha ya wastani si ya dhiki wala ya anasa. Akisikia mvua zitakuwa za wastani, anaelewa kwamba zitatosha. Tuseme basi eneo lake huwa linapata milimita 600 kwa msimu. Kwa hesabu ya watabiri, milimita 450 ni wastani, na 750 nazo ni wastani. Kwa anayepanda mahindi, kati ya namba hizo mbili kuna mwaka wa kuuza na mwaka wa kununua. Isitoshe, jumla ya msimu haisemi mvua itanyesha lini. Milimita 450 zilizokuja kwa mpangilio zinaweza kumvusha. 750 zilizomwagika ndani ya wiki tatu, kisha zikakatika mahindi yanapotoa mbelewele, zitamwachia mabua.

Neno hilohilo lina kazi nyingine katika taarifa za tahadhari. TMA inapoonya kuhusu mvua kubwa au upepo mkali, huandika mwishoni kiwango cha uwezekano wa jambo hilo kutokea na kiwango cha athari zake, na vyote viwili vinaweza kuwa "wastani". Hapo ile miaka 30 haihusiki tena. Wastani inamaanisha tu katikati ya kubwa na ndogo.

Mazungumzo ya tabianchi yamejaa maneno ya namna hii, na kwa mtu anayeyasikia kwa Kiswahili yana maswali mawili ya kujibu. Yanamwambia afanye nini? Na yanamwonyesha nani aliyesababisha? Mengi hujibu la kwanza kwa shida, na la pili hulijibu kwa kumnyooshea kidole mtu asiyehusika sana.

Elnino ya kila mtu

Hakuna neno la elimu ya hali ya hewa lililoingia mitaani kwa kasi kama El Niño. Asili yake ni wavuvi wa Peru, waliolipa jina la "Mtoto", yaani mtoto Yesu, joto la bahari lililokuwa likijitokeza karibu na Krismasi na kufukuza samaki. Wanasayansi wakalichukua jina hilo kueleza hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki ya kati na mashariki kupata joto kupita kawaida, jambo linalorudi kila baada ya miaka miwili hadi saba na kuvuruga mvua sehemu nyingi za dunia.

Afrika Mashariki jina lilipokelewa mwaka 1997. Mvua zilizoanza Oktoba mwaka huo ziliendelea hadi mapema 1998. Zilikata barabara na reli, zikabomoa madaraja, zikafuatiwa na homa ya Bonde la Ufa iliyoua watu na mifugo kaskazini mashariki mwa Kenya na sehemu za Tanzania. Tangu hapo elnino si jina la bahari ya mbali tena. Ni mvua yoyote ya kutisha. Watu husema mwaka wa elnino kama wasemavyo mwaka wa njaa, na watoto waliozaliwa wakati ule umri wao huhesabiwa kwa kutaja gharika hiyo.

Shida ni kwamba bahari haifuati matumizi ya mtaani. Mwaka 2015 El Niño ya Pasifiki ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kupimwa, serikali zikajiandaa kwa marudio ya 1997, lakini katika sehemu nyingi za Kenya mvua hazikufikia kiwango kile, na watabiri wakaitwa waongo. Mwaka 2019 kinyume chake kilitokea. Hapakuwa na El Niño ya kusemwa, lakini mvua za Oktoba hadi Desemba zilifurisha mito na kuporomosha milima, ikiwemo huko Pokot Magharibi. Chanzo kilikuwa karibu zaidi na nyumbani: maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalipata joto wakati yale ya upande wa Indonesia yakipoa, na tofauti hiyo ikasukuma unyevu kuja kwetu. Hali hii ina jina la kitaalamu ambalo halijapata mshabiki mtaani, ingawa kwa mvua za vuli mara nyingi ndiyo yenye sauti kubwa.

Kisha ikaja 2023. Watabiri wa kanda walikuwa wametangaza mapema kwamba El Niño na joto la Bahari ya Hindi vinakuja pamoja. Oktoba, Rais William Ruto wa Kenya aliwaambia wananchi kwamba wataalamu wamebadilisha maoni na El Niño iliyohofiwa haitakuwepo. Zingekuja mvua za kutosha, si za kuangamiza. Wataalamu wa idara ya hali ya hewa walikuwa wakizungumzia viwango na uwezekano, lakini kilichofika masikioni mwa umma kilikuwa ndiyo au hapana. Novemba mafuriko yaliikata Garissa, yakazamisha vitongoji vya Mandera na Tana River, yakaingia hadi Mombasa. Kufikia Desemba zaidi ya watu 150 walikuwa wamepoteza maisha nchini Kenya.

Kinachosikika na kufanyiwa kazi

Wapo waliojifunza kusema vingine. Taarifa za tahadhari za TMA zina ngazi tatu zenye rangi: angalizo kwa njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Zaidi ya rangi, huorodhesha athari: baadhi ya makazi kuzungukwa na maji, usafiri kucheleweshwa, shughuli za uvuvi kuwa ngumu. Kwa wavuvi hutajwa upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita mbili. Nahodha wa ngalawa hahitaji kusomea fizikia kujua mita mbili ni nini. Anaziona akikaa kwenye chombo chake.

Lugha hiyo ilijaribiwa Mei 2024 wakati wa Kimbunga Hidaya. Vimbunga vya kitropiki ni nadra kwenye pwani ya Tanzania. Kilichokumbukwa na wazee ni cha Lindi cha mwaka 1952, na Zanzibar bado inasimulia kile cha 1872 kilichong'oa minazi na mikarafuu. Safari hii taarifa zilitolewa mfululizo, zikitaja kimbunga kiko kilomita ngapi kutoka pwani ya Mtwara na kinaelekea wapi. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilisimama. Tarehe 4 Mei Hidaya ilifika kisiwa cha Mafia na kuishiwa nguvu, ingawa mvua zake zilikata barabara ya Lindi eneo la Somanga. Kwa siku kadhaa watu wengi wa pwani walikuwa wakifuatilia mwendo wa upepo kwa kilomita, jambo ambalo msemo wa "mvua za juu ya wastani" haujawahi kuwafanyia.

Magharibi mwa Kenya, huko Bunyore katika kaunti ya Vihiga, jaribio lilikuwa la namna nyingine. Ukoo wa Nganyi unajulikana tangu zamani kwa utabiri wa mvua. Wazee wake husoma uchanuaji wa miti katika vichaka vyao vitakatifu, mienendo ya ndege, wadudu na vyura, na upepo. Kuanzia mwaka 2008 wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya na wa kituo cha kanda, ICPAC, walianza kukaa nao kabla ya msimu. Kila upande ukaleta utabiri wake, wakalinganisha, wakatoka na kauli moja. Kauli hiyo ilipelekwa kwenye mabaraza na kutangazwa kwa lugha ya watu wa huko. Kilichobadilika hapo si sayansi bali msemaji: utabiri uliokuwa ukitoka Nairobi kwa asilimia sasa ulitamkwa na mzee anayejulikana, akieleza watu wapalilie lini na wapande mbegu gani.

Pwani ya Waswahili nayo ilikuwa na hesabu yake. Mwaka wa Nairuzi, ambao bado husherehekewa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa kila Julai, ulikuwa wa siku 365 zilizogawanywa katika miongo, kila mwongo siku kumi. Manahodha na wakulima walitaja mwongo wa ngapi kaskazi inaingia, mwongo wa ngapi kusi inashika, lini jahazi lisitoke. TMA, kwa sababu zake za kitaalamu, nayo hutoa taarifa ya hali ya hewa kwa wakulima kila baada ya siku kumi. Vipindi viwili vimekutana bila kupangiwa miadi, na ni kipindi kinachoendana na kazi ya shambani: ndani ya siku kumi mtu anaweza kuamua kupanda, kusubiri au kuvuna.

Aliyekata mti na aliyechimba mafuta

Swali la pili, la nani aliyesababisha, ni gumu zaidi, na ugumu unaanza na jina lenyewe. Hali ya hewa ni ya leo na kesho. Tabianchi ni mwenendo wa hali hiyo kwa miongo ya miaka. Vitabu vya jiografia viliandika "tabia ya nchi" kwa maneno matatu, kisha maneno yakaungana, na sasa serikali, Umoja wa Mataifa na magazeti wanasema mabadiliko ya tabianchi. Lakini vyombo vingine vya habari bado huandika mabadiliko ya hali ya hewa kwa maana ileile, na kwa msikilizaji hali ya hewa hubadilika kila alasiri. Kuna pia matumizi ya utani: mtu akiharibu mazungumzo huambiwa amechafua hali ya hewa. Ndiyo maana ukitaja tabianchi kwenye mkutano wa kijiji, wengine wataanza kueleza moshi wa takataka, mifuko ya plastiki na mitaro iliyoziba. Yote ni mambo ya kweli, ila si habari hiyo.

Mwaka 2009 na 2010 shirika la hisani la Idhaa ya Dunia ya BBC liliwahoji watu katika nchi kumi za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo, kuhusu wanavyoelewa jambo hili. Waliohojiwa walieleza kwa ufasaha yaliyobadilika: mvua zisizotabirika, joto, mito iliyokauka. Ila wachache tu waliyaunganisha na gesi za viwandani. Wengi walisema ni mapenzi ya Mungu, au adhabu yake, au matokeo ya wao wenyewe kukata miti. Wengine walichanganya na tundu la tabaka la ozoni, lililokuwa likifundishwa shuleni miaka ya tisini.

Hilo la miti linahitaji maelezo. Kukata misitu huachia hewa ukaa na huharibu vyanzo vya maji, na katika nchi kama Tanzania sehemu kubwa ya uchafuzi wa gesijoto inatokana na ardhi na misitu. Kwa kijiji, msitu ukiisha mto hukauka, na hilo halihitaji mkutano wa kimataifa kuthibitishwa. Lakini joto la dunia nzima lina chanzo kikuu kingine: makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa kwa zaidi ya karne mbili, kwanza Ulaya na Marekani, baadaye na mataifa makubwa ya Asia. Kipimo cha Mauna Loa, Hawaii, kilipoanza mwaka 1958 kilikuta kaboni dioksidi, yaani hewa ukaa, ikiwa sehemu 315 katika kila milioni moja ya hewa. Sasa ni zaidi ya 420. Afrika, yenye karibu mtu mmoja katika kila watu watano duniani, hutoa takriban asilimia 4 tu ya kaboni dioksidi itokanayo na nishati na viwanda.

Sasa msikilize mtu akitajiwa "hewa ukaa", au "hewa kaa" kama wasemavyo Kenya. Kinachomjia kichwani ni mkaa: gunia lililofungwa kamba kando ya barabara ya Morogoro, mama na jiko lake la kuchomea mahindi. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wenye mabomba marefu uko nchi nyingine na hajawahi kuuona. Kampeni za miaka mingi zimekuwa zikimwambia apande mti na aache mkaa, ushauri mzuri ambao, ukirudiwa peke yake, humfanya aamini kwamba gharika ya Garissa ilianzia jikoni kwake.

Kutumia maneno kuhamisha lawama hakukuanzia Afrika. Mwaka 2002 Frank Luntz, mshauri wa lugha wa chama cha Republican cha Marekani, aliandika waraka uliowashauri wanasiasa wapendelee kusema mabadiliko ya tabianchi badala ya kupanda kwa joto la dunia, kwa kuwa la kwanza halitishi. Mwaka 2019 aliwaambia maseneta kwamba alikosea. Katika miaka hiyo ya mwanzo ya karne, kampuni ya mafuta ya BP ilieneza kwa matangazo dhana ya kila mtu kukokotoa kaboni yake binafsi: unaendesha gari gani, unakula nini, umesafiri kwa ndege mara ngapi. Kampuni inayochimba mafuta ikawa inamuuliza mnunuzi wa mafuta maswali. Mei 2019 gazeti la The Guardian la Uingereza liliwaagiza waandishi wake wapendelee kusema dharura au mgogoro wa tabianchi, kwa hoja kwamba "mabadiliko" ni neno la upole kupita kiasi.

Kiswahili kiliyapokea mabadiliko yakiwa tayari yamelainishwa. Neno hilo halina upande. Mabadiliko ya katiba yanaweza kuwa ya heri, na mabadiliko ya uongozi watu huyapigia kura.

Mikoko yenye bei

Wakati lawama zikijadiliwa, biashara imeanza. Kusini mwa Mombasa, katika kaunti ya Kwale, vijiji vya Gazi na Makongeni vinaendesha mradi uitwao Mikoko Pamoja. Ulianza kuuza kaboni mwaka 2013 na unatajwa kuwa wa kwanza duniani wa mikoko kufanya hivyo ukiongozwa na wanavijiji. Mwaka 2017 ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Mikoko ya Gazi ilikuwa na bei kabla ya hapo. Mkoko, mkandaa na mchu ilikatwa kwa vipimo ambavyo kila fundi wa pwani anavijua, kuanzia fito na pau hadi boriti na nguzo, na kila kimoja kilikuwa na bei yake. Kinachouzwa sasa hakikatwi. Mradi unalinda hekta 117. Mikoko hiyo hunyonya kaboni na kuifukia kwenye tope lake lenye chumvi, ambamo mabaki ya mizizi huoza polepole sana. Wataalamu hupima vipenyo vya mashina na kina cha tope, wakakadiria kiasi cha kaboni dioksidi kilichozuiwa, karibu tani 3,000 kwa mwaka. Kila tani huwa hati moja, na hati hununuliwa na kampuni au watu wa nje wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Fedha zimeleta maji ya bomba vijijini na vifaa vya shule.

Habari za miradi ya namna hii huandikwa mara nyingine zikitaja "mikopo ya kaboni". Hakuna aliyekopa wala atakayedaiwa. Kwa mwanakijiji anayeitwa kwenye mkutano kuidhinisha mkataba wa miaka 20 au 30, neno mkopo linaweza kumfanya akatae jambo lenye faida. Neno zawadi au msaada, ambalo nalo husikika, linaweza kumfanya asaini bila kuuliza bei ya tani ni kiasi gani na nani anabaki na sehemu gani. Anachouza ni haki. Mnunuzi anaweza kuendelea kutoa moshi kiwango fulani kwa kuwa mikoko ya Gazi imesimama. Likielezwa hivyo, mjadala wa kijiji hubadilika mara moja, na bei nayo huulizwa kwa sauti nyingine.

Neno lililokatazwa

Kwenye mikutano ya mataifa kuhusu tabianchi, watu hukesha kwa ajili ya neno moja. Tarehe 12 Desemba 2015, jijini Paris, mkataba ulikuwa tayari kupitishwa pale wajumbe wa Marekani walipogundua kwamba kifungu cha 4 kinasema nchi tajiri "zitafanya" upunguzaji wa gesi wa uchumi mzima. Rasimu za awali zilisema "zinapaswa kufanya". Kwa Kiingereza cha sheria la kwanza ni la wajibu na la pili ni la matarajio, na wajibu ungemlazimu Rais Barack Obama kuupeleka mkataba kwenye Seneti, ambako ungekufa. Kikao kikasimama, wakubwa wakanong'onezana, kisha ofisa akasoma orodha ya makosa ya uchapaji na kuliweka humo sahihisho hilo. Mkataba ukapita. Mwaka 2021 huko Glasgow, dakika za mwisho, kuondoa makaa ya mawe kuligeuzwa kuwa kupunguza, kwa shinikizo la India na China.

Ila neno lililopigwa vita kuliko yote ni fidia. Nchi za visiwa na nchi maskini ziliomba kwa miaka mingi ikubalike kwamba zinaumizwa na jambo ambalo hazikulisababisha. Zilipewa msemo wa hasara na uharibifu, ukaingizwa kwenye kifungu cha 8 cha Mkataba wa Paris, na uamuzi ulioambatana nao ukaeleza bayana kwamba kifungu hicho hakiwi msingi wa dhima wala fidia.

Mswahili anasikia mara moja kilichofanyika hapo. Mtu hupata hasara kwa bahati mbaya: biashara imeyumba, mzigo umeoza njiani, mvua imegoma. Akipata hasara hupewa pole. Fidia haiwezi kutajwa bila kuwepo aliyeharibu. Hata mbuzi akila shamba la jirani, swali la kwanza ni mbuzi wa nani. Mfuko ulioamuliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai siku ya kwanza ya mkutano wa 2023 ni wa kukabiliana na hasara na uharibifu. Nchi tajiri huuchangia kwa hiari yao.

Sayansi nayo imesogea. Desemba 2023, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walichunguza mvua zilizokuwa zimetoka kuangamiza Kenya, Somalia na Ethiopia. Walihitimisha kwamba joto lililosababishwa na binadamu liliziongezea ukali hadi mara mbili, juu ya mchango wa Bahari ya Hindi. Mafuriko yaliyokuwa yakiitwa elnino yakawa na sehemu inayohesabika ya viwanda vya watu.

Mahakama zimelirudisha neno lililokatazwa. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, ilitoa maoni yaliyoombwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa juhudi za taifa la visiwa la Vanuatu. Majaji wote walikubaliana kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kuilinda tabianchi, na kwamba taifa likivunja wajibu huo na uhusiano wa sababu na madhara ukathibitishwa, linaweza kutakiwa kurekebisha ikiwa ni pamoja na kulipa fidia.

Arusha swali kama hilo liko mezani. Mei 2025 umoja wa mawakili wa Afrika, PALU, wenye makao yake katika jiji hilohilo, uliiomba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ieleze wajibu wa serikali za bara hili kwa raia wake wanaoathirika na tabianchi. Mara hii watakaoulizwa si wenye viwanda wa Ulaya peke yao. Serikali za hapa nazo zinaweza kutakiwa kueleza onyo la mafuriko lilimfikiaje raia, na mikataba ya kaboni ilisainiwa kwa lugha gani. Tangu Februari 2022 Kiswahili ni miongoni mwa lugha za kazi za Umoja wa Afrika, hivyo maoni ya majaji yatakapotoka yatakuwa na sababu ya kuandikwa kwa Kiswahili pia, na mwenye kuyaandika atalazimika kuchagua kati ya hasara na fidia.